Baada ya Kisu, Aulizwe Mwenye Pua

Ndugu msomaji, hujambo?

Bila shaka umejibu kwamba hujambo, hata kama usiku wa kuamkia leo hukupata usingizi, kichwa kinakugonga na pua imeziba tangu juzi. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mtu wetu huulizwa hali akiwa kitandani hospitali, naye hujibu kwanza kuwa hajambo. Kisha, baada ya kumshukuru Mungu na kuulizana habari za watoto na za kazini, ndipo atakapojikohoza na kusema, “Ila kichwa tu.” Katika neno hilo “ila” ndimo ilimo habari yote ya ugonjwa, na daktari mwenye wagonjwa thelathini wa kuwaona asubuhi ile huwa amekwisha fika kitanda cha tatu kabla halijatamkwa.

Nimeanza na salamu kwa sababu juma hili nataka tuzungumze juu ya swali ambalo sikio lisilozoea laweza kuliona jepesi: mtu akisha kupasuliwa, nani ajuaye kama upasuaji umemfaa? Mifano ni mingi, lakini nitauchukua upasuaji mmoja, ule wa mapango ya hewa yaliyomo ndani ya mifupa ya uso, ambayo madaktari huyaita sainasi. Nimeuchagua kwa makusudi. Aliyekatwa kidole tumbo hupona na jambo likaisha. Aliyepasuliwa sainasi hupata nafuu ya kiasi fulani, na kiasi hicho hakionekani kwa macho wala hakisikiki kwa chombo cha kupimia mapigo ya moyo. Yeye mwenyewe ndiye ajuaye.

Mapango hayo yako jozi nne. Moja liko katika kila shavu, mengine juu ya nyusi, mengine nyuma kabisa katikati ya kichwa, na baina ya macho kuna vijumba vidogo vidogo kama sega la nyuki. Kila pango lina utando mwororo utoao ute, na kila pango lina mlango wake mdogo wa kupeleka ute huo puani. Mlango ukiziba kwa uvimbe, au vinyama vikiota puani vikaufunika, ute hutuama. Hapo pua huziba, kamasi hugeuka zito, uso huwa mzito kama uliowekewa jiwe, na harufu hupotea. Hali hiyo ikipita majuma 12 bila ya kuondoka, madaktari huihesabu kuwa ni ugonjwa sugu. Wazee wetu waliyajua maumivu ya paji la uso, wakayaita kipandauso, na hapana shaka baadhi ya vipandauso hivyo vilitoka katika mapango haya.

Dawa ya kwanza si kisu. Mgonjwa husafisha pua kwa maji ya chumvi na hutumia dawa ya kupulizia puani, tena kwa majuma mengi, si kwa siku tatu kama wengi wetu tufanyavyo. Zikishindwa hizo ndipo hutajwa upasuaji. Zamani njia ilikuwa ngumu: George Caldwell wa New York mwaka 1893, na Henri Luc wa Paris mwaka 1897, kila mmoja alieleza namna ya kuliingia pango la shavu kwa kupasua ufizi wa juu na kutoboa mfupa. Baadaye Walter Messerklinger, katika mji wa Graz nchini Austria, alichungulia puani kwa darubini nyembamba akaonyesha jinsi ute unavyosafiri kuelekea mlangoni, na kwamba mara nyingi ubaya umo katika mlango wenyewe, wala si katika pango lote. Mwanafunzi wake Heinz Stammberger, na David Kennedy kule Marekani, waliieneza njia hiyo katika miaka ya 1980. Siku hizi mpasuaji huingia kwa tundu la pua, akapanua milango na kuondoa vinyama, na usoni hapabaki kovu.

Basi mgonjwa ameamka, damu imekauka, ameruhusiwa kwenda nyumbani. Kazi imefaulu?

Mpasuaji atakuambia imefaulu, na hasemi uongo. Ameingiza darubini yake akaona mlango uko wazi. Huenda akapiga tena picha ya CT akaona mapango yaliyokuwa yamejaa yamekuwa matupu. Picha hizo zina hesabu yake tangu mwaka 1993, iitwayo kwa majina ya waliyoiunda, Lund na Mackay: kila pango hupewa alama kwa kadiri lilivyoziba, na jumla yote huanzia 0 hadi 24. Ni hesabu nzuri, na mpasuaji huihitaji kama dereva anavyohitaji ramani. Lakini watafiti walipozilinganisha alama za picha na malalamiko ya wagonjwa, waliona jambo la ajabu kidogo. Viwili hivyo havifuatani sana. Yuko mtu ambaye picha yake inatisha naye anakwenda kazini na kula kwa furaha. Yuko mwingine ambaye picha yake ni ya kawaida tu naye halali. Picha hueleza jinsi mapango yalivyo, lakini haielezi jinsi mtu anavyoishi nayo.

Wazo la kumfuata mgonjwa baada ya kumtoa wodini lina historia, na historia hiyo ina mtu mmoja mkaidi ambaye mimi binafsi nampenda. Jina lake Ernest Amory Codman, mpasuaji wa Boston, aliyezaliwa mwaka 1869. Aliamini kwamba kila hospitali yapasa kuwa na kadi ya kila mgonjwa, na katika kadi hiyo yaandikwe maradhi aliyokuja nayo, matibabu aliyopewa, na hali yake baada ya kupita mwaka mmoja au zaidi. Kama hakupona, iandikwe ni kwa nini. Hayo tu. Leo yaonekana ni maneno ya akili ya kawaida, lakini wakati ule wakubwa wa kazi waliona ni kuwavua nguo hadharani. Mwaka 1914 alijiuzulu katika hospitali kubwa ya Massachusetts General, akaendelea na hospitali yake mwenyewe ndogo. Kati ya mwaka 1911 na 1916 wagonjwa 337 walitoka katika hospitali hiyo, naye akaandika na kuyachapisha makosa 123 yaliyotendeka katika kuwatibu. Fikiri, ndugu msomaji, mpasuaji gani awezaye kukupa daftari la namna hiyo ukiwa sebuleni unangoja zamu yako! Codman alifariki mwaka 1940, na kaburi lake lilikaa bila ya jiwe la jina hadi mwaka 2014.

Hata hivyo kadi ya Codman ilikuwa na upungufu. Aliyepima hali ya mgonjwa alikuwa ni daktari. Ilichukua miaka mingi hadi wataalamu wakubali kwamba mgonjwa mwenyewe aweza kuwa kipimo, mradi aulizwe kwa utaratibu.

Katika magonjwa ya sainasi utaratibu huo ulianza Marekani katika miaka ya 1990 kwa fomu ndefu ya maswali 31. Jay Piccirillo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, waliipunguza ikawa ya maswali 20. Kisha Waingereza wakagundua kwamba, ajabu ya Musa, katika kupunguza huko yalikuwa yameondoka mambo mawili ambayo wagonjwa wa pua huyalalamikia kuliko yote: kuziba kwa pua, na kupotea kwa harufu na ladha. Wakayarudisha, maswali yakawa 22. Fomu hiyo huitwa SNOT-22. Ni kifupi cha jina refu la kitaalamu, lakini herufi hizo nne zikisomwa pamoja ni neno la mitaani la Kiingereza lenye maana ya kamasi. Madaktari nao hutaniana.

Nimeyasoma maswali yale 22 mara kadhaa, na kilichonivutia ni kwamba nusu yake hayahusu pua. Yapo ya kamasi na chafya na kukohoa, yapo ya masikio kujaa na kuuma, yapo ya kizunguzungu na uso kuuma. Baada ya hayo huja usingizi: je, huchelewa kusinzia, huamka usiku, huamka umechoka? Kisha kazi: je, utendaji wako umepungua, mawazo yako hutawanyika? Mwishoni huulizwa kama una huzuni, kama hukasirika upesi, na kama unaona haya. Mwenye kuitunga alijua kwamba pua iliyoziba haikai usoni peke yake. Huamka na mtu saa nane za usiku, hupanda naye daladala, husimama naye mbele ya mashine, na jioni hugombana na mkewe kwa niaba yake.

Kila swali hujibiwa kwa alama, 0 ikiwa hakuna taabu kabisa, na 5 ikiwa taabu imefika ukomo. Mgonjwa huambiwa afikirie majuma mawili yaliyopita, si maisha yake yote wala asubuhi ya leo tu. Jumla ya juu kabisa ni 110. Usidhani kwamba mzima hupata sifuri. Waingereza waliwapa fomu hiyo watu 116 wasio na maradhi ya sainasi, na alama ya katikati ikawa 7. Kila mtu ana chafya zake, na kila mtu ana usiku wake mbaya.

Sasa twende kwenye hesabu yenyewe. Mwaka 2000 na 2001, katika hospitali za serikali za Uingereza na Wales, wagonjwa 3,128 waliokuwa wakipasuliwa sainasi au vinyama vya pua waliingizwa katika ukaguzi mkubwa ulioongozwa na Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji. Walijaza fomu kabla ya kupasuliwa, kisha wakaletewa fomu kwa posta baada ya miezi 3, baada ya mwaka, baada ya miaka 3 na baada ya miaka 5. Wastani wao kabla ya kisu ulikuwa zaidi ya 40. Baada ya miezi 3 ulishuka hadi 25.5. Baada ya mwaka ulikuwa 27.7, na baada ya miaka 5 ulikuwa 28.2. Kwa maneno mengine, nafuu ilikuwa ya kama alama 14, na ilidumu. Claire Hopkins na wenzake waliozipiga hesabu hizo waliuliza pia swali la maana sana: tofauti ya alama ngapi ndiyo ambayo mgonjwa huanza kuihisi mwenyewe? Jibu lilikuwa karibu alama 9. Chini ya hapo karatasi huonyesha nafuu, lakini mwenye pua haioni.

Zitazame tena tarakimu hizo, maana zina habari mbili. Ya kwanza ni njema, kwamba upasuaji huu unasaidia. Ya pili ni ya kweli tu: 28 si 7. Mtu wa kawaida aliyepasuliwa hakurudi kuwa kama jirani yake asiye na ugonjwa. Tena katika muda wa miaka 5 karibu mmoja kati ya kila watano alipasuliwa mara nyingine. Daktari anayemwambia mgonjwa “tutakufungulia utapata nafuu, wala usiache dawa ya kupulizia” amesema kweli kuliko yule anayesema “utapona kabisa”, na anaweza kuisema kweli hiyo kwa sababu tu watu elfu tatu na ushei walikubali kuketi na kalamu.

Lakini ukusanyaji wa majibu haya una mitego, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Mtego wa kwanza ni wa kuuliza baadaye tu. Hospitali nyingi, zikiuliza, humwuliza mgonjwa akisha kupasuliwa: je, sasa una nafuu? Mgonjwa amelipa fedha, amesumbua ndugu, amevumilia pamba puani. Atasema nini? Isitoshe, maumivu yaliyopita hayakumbukwi sawasawa. Mama aliyejifungua analijua hilo. Ndiyo maana fomu ya kwanza yapasa kujazwa kabla ya kisu, nayo iwekwe, na ya pili ijazwe bila ya kuitazama ile ya kwanza. Na hata hapo yapasa kuwa na hadhari, kwa kuwa maradhi haya hupwa na kujaa kama bahari. Mtu huja kwa mpasuaji maji yakiwa yamejaa. Baada ya miezi 3 huenda yangekuwa yamepwa hata bila ya kisu. Kwa ajili hiyo Waingereza walifanya jaribio lenye makundi, wengine wakapasuliwa, wengine wakapewa antibaotiki, wengine wakapewa dawa isiyo na kitu, na wote wakaendelea na dawa zao za puani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025, na kipimo kikuu kilikuwa fomu hiyo hiyo ya maswali 22. Baada ya miezi 6 waliopasuliwa walikuwa na nafuu kubwa zaidi.

Mtego wa pili ni wa nani anauliza. Akiuliza mpasuaji mwenyewe, amesimama na koti lake jeupe, mgonjwa mwenye adabu hawezi kumwambia usoni kwamba kazi yake haikufaa. Kwetu sisi jambo hilo ni zito maradufu. Atasema, “Tunashukuru, daktari,” na neno “tunashukuru” litaandikwa katika faili kama kwamba ni matokeo. Afadhali karatasi, na mgonjwa aketi nayo peke yake. Kama hasomi, au macho yamechoka, asomewe na mtu asiyehusika na upasuaji ule, naye asome maneno kama yalivyoandikwa bila ya kuongeza “siyo?” mwishoni. Wala mke au mume asijibu kwa niaba, ingawa najua kwamba wako wake wanaojua zaidi juu ya mkoromo wa waume zao kuliko waume wenyewe.

Mtego wa tatu ni wa wasiorudi. Katika ukaguzi ule wa Uingereza, kila miaka ilivyopita ndivyo majibu yalivyopungua. Watu huhama, huchoka, hufa kwa sababu nyingine. Asiyejibu ni nani? Huenda amepona na amesahau hata njia ya hospitali. Huenda hakupona, akakasirika, akaenda kwa daktari mwingine au kwa mganga. Ukiwahesabu waliojibu tu, ukasema “wagonjwa wetu wameridhika”, umefanya kama mwenye hoteli anayewauliza wateja walio mezani kama chakula ni kitamu, asiwaulize waliotoka mlangoni na sahani zimejaa. Ndiyo maana mkusanyaji mwaminifu hutangaza kwanza ni wangapi hawakujibu, kisha ndipo atangaze wastani.

Na jumla yenyewe huweza kuficha. Tuseme kuna mama anayekaanga maandazi na kupika supu kwa ajili ya wafanyakazi wa zamu ya asubuhi. Kabla ya kupasuliwa hakuwa akisikia harufu ya kitu chochote. Maziwa yakichacha alitambua kwa ulimi wa mteja, na mtungi wa gesi ukivuja hakujua hata kidogo. Usiku alikoroma, mchana alisinzia. Amepasuliwa, sasa analala, hakohoi, uso haumwumi. Jumla yake imeshuka kutoka 55 hadi 25, na kwa hesabu za hospitali yeye ni ushindi mkubwa. Lakini harufu haikurudi. Swali moja kati ya 22 bado lina alama 5, nalo ndilo swali la riziki yake na la usalama wa watoto walio chumbani. Waliotunga fomu walilifikiria hilo, wakamtaka mgonjwa aonyeshe mambo yasiyozidi matano yanayomsumbua kuliko yote. Kwa maoni yangu hayo matano yana thamani kuliko jumla yote, na aghalabu ndiyo sehemu inayorukwa kwa sababu haiingii upesi katika hesabu za wastani.

Faida nyingine ya fomu hii huja kabla ya kisu. Mwaka 2015 watafiti wa Amerika ya Kaskazini walichapisha hesabu ya kuwasaidia wagonjwa kuamua. Waliokuwa na zaidi ya alama 30 kabla ya kupasuliwa walikuwa na nafasi ya zaidi ya 70 katika 100 ya kupata nafuu wanayoihisi. Waliokuwa na kati ya 10 na 19 nafasi yao ilikuwa chini ya 40 katika 100. Kwa hiyo yuko mtu ambaye picha yake humshawishi mpasuaji, lakini majibu yake mwenyewe husema: bado, endelea na maji ya chumvi. Gharama ya kulala wodini, likizo ya ugonjwa, hatari ya kuchezea kisu karibu na jicho na ubongo, yote hayo huweza kuahirishwa na karatasi moja.

Fomu hii imekwisha geuzwa katika lugha nyingi, Kireno cha Brazil, Kihispania, Kichina, Kicheki, na ya watu wa Denmark pia. Si kazi ya kukaa na kamusi jioni moja. Mmoja hutafsiri, mwingine asiyeiona ya asili huirudisha ilikotoka, kisha mbili hulinganishwa, kisha hujaribiwa kwa wagonjwa halisi. Kwa Kiswahili kazi hiyo ina miiba yake. Maswali matatu tofauti, la kamasi jepesi litiririkalo, la kamasi zito, na la kamasi lishukalo kooni, mwulizaji mvivu atayaita yote “mafua”, na mgonjwa atajibu mara tatu kitu kimoja. Swali la mwisho ni gumu zaidi. Mwingereza anauliza kama ugonjwa unakutahayarisha mbele ya watu. Ukiandika “Je, unaona haya?”, kwetu haya ni sifa ya mtu mwema, bibi wa heshima atakupa alama 5 kwa fahari. Ukiandika “fedheha”, utakuwa umemtukana. Labda liulizwe kwa kitendo: je, huepuka kukaa na watu, au kusimama kusema mkutanini, kwa sababu ya pua yako?

Kama wewe au mtu wa nyumbani mwako amepangiwa upasuaji huu, msingoje hospitali ianzishe utaratibu. Chukueni daftari la mtoto la kurasa chache. Siku chache kabla ya kulazwa, mgonjwa aandike tarehe, kisha aandike taabu zake kwa maneno yake mwenyewe: pua, harufu, usingizi, kazi, hasira. Kila moja aipe alama kuanzia 0 hadi 5 kwa majuma mawili yaliyopita, na azipigie mstari zile zinazomsumbua kupita zote. Daftari lifungwe, liwekwe kabatini. Majuma ya mwanzo baada ya kisu pua huwa na magaga na uvimbe, kwa hiyo alama za wakati huo hazina maana sana. Ikifika miezi 3 aandike upya bila ya kuchungulia nyuma, na kurasa zote mbili ziende kliniki. Lakini damu nyingi isiyokoma, jicho kuvimba au kuona vibaya, majimaji meupe kama maji yanayodondoka upande mmoja wa pua, au homa pamoja na shingo kukakamaa, hayo si ya kuandikwa daftarini. Hayo ni ya kurudishwa hospitali saa ile ile.

Na siku ya kutoka wodini, kabla ya kukunja shuka, mgonjwa amwombe muuguzi aandike katika faili namba mbili za simu: yake, na ya ndugu asiyehamahama, maana chumba cha kupanga leo kiko Manzese na mwezi ujao kiko Mbagala, na karani atakapopiga simu kuuliza habari za pua ile, hana budi kumpata mwenyewe.